Ofisi ya ubunifu majengo iliyotuchorea nyumba ya sanaa pembeni ya bustani: tathmini ya mteja

Kikundi chetu cha wachongaji, wasusi wa ukili na wachezaji ngoma kilipopata kiwanja kinachopakana na bustani ya umma hapa Mtwara, tulikubaliana tangu kikao cha kwanza kwamba hatutajenga kwa ramani ya kuazima, kama ile ya ukumbi wa harusi ambayo fundi mmoja alitujia nayo imekunjwa mfukoni, bali tutamlipa mbunifu majengo aichore kazi hii upya kutokana na mahali penyewe. Ofisi tuliyoichagua imetuhudumia kuanzia mchoro wa awali hadi usimamizi wa ujenzi, na sehemu ya kwanza ya jengo, yaani fremu, chumba cha maonyesho, kivuli cha wachongaji na vyoo, imeshatumika kwa misimu miwili ya mvua. Ukumbi wa ngoma na vyumba vya ghorofani bado viko kwenye karatasi. Nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi, barua zote zilipita mkononi mwangu, na ninayoyaeleza hapa ni huduma kama mteja alivyoipokea. Ofisi sitaitaja jina, kwa kuwa baadhi ya maneno yangu ni malalamiko na wenyewe hawapo hapa kuyajibu.

Mahitaji tuliyowapa yalijaa ukurasa mmoja na nusu. Tulitaka mahali pa wachongaji kumi na wawili kufanyia kazi, chumba cha kuonyeshea na kuuzia vinyago, fremu sita za kupangisha ili kodi yake ilipe mlinzi na umeme, darasa moja, ukumbi wa watu mia mbili, na vyumba vinne vya kulala wasanii wanaoshuka kutoka Newala, Tandahimba na Masasi, ambao kila tunapoandaa shughuli kubwa huwa tunawagawa majumbani kwa watu kama wageni wa msiba. Chini ya orodha hiyo tukaongeza sentensi moja fupi: jengo liungane na bustani. Tuliiandika kwa wepesi, kama mtu anavyoagiza chai iwe na tangawizi, wala hatukujua kwamba miezi minane ya kuchora na kufuta itatokana na sentensi hiyo kuliko orodha yote iliyo juu yake.

Mchoro wa kwanza ulikuja baada ya wiki sita, ukiwa na picha za kompyuta zilizopendeza sana. Jengo lilikuwa moja, refu, la ghorofa moja, limelala sambamba na barabara, likiwa na uso wa vioo unaotazama magharibi kwa ajili ya wapita njia na uso mwingine wa vioo unaotazama mashariki kwa ajili ya bustani. Katika maelezo yao walisema kwamba vioo hivyo vya nyuma ndivyo vinavyoliunganisha jengo na bustani, kwa sababu aliye ndani ataona miti na aliye nje ataona vinyago. Kati ya vioo na miti hiyo, hata hivyo, palikuwa na ukuta wa mita mbili, kwa sababu za usalama. Watu waliochorwa wakitembea bustanini walikuwa wamevaa makoti. Jambo hilo linachekesha, lakini lilitufungua macho: picha ile ilitengenezwa kwa watu wa mahali pengine, na mahali petu palichomekwa chini yake baadaye. Tulipotazama ramani ya kiwanja tuliona bikoni nne zimewekwa kwa usahihi wa kupigiwa mfano, na hapakuwa na alama ya mti hata mmoja, ingawa mwembe mkubwa uliopo mpakani ulikuwa umetutangulia sote.

Aliyeuvunja mchoro huo ni mzee wetu wa uchongaji, ambaye hakuwa na haja ya kusoma vipimo. Aliweka kidole kwenye chumba cha maonyesho, akauliza magharibi ni wapi, akaonyeshwa, kisha akasema: "Kijana wangu, kinyago kikipigwa na jua la saa kumi kila siku, hadi mwezi wa ngapi kitakuwa kimepasuka?" Mpingo ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, na hukauka polepole mno. Gogo likikauka haraka kwa nje huku ndani likiwa bado na unyevu, tabaka la nje hukaza na kupasuka, na ufa mmoja unaopita kwenye shingo ya kinyago cha ujamaa chenye watu kumi na wanne waliobebana unateketeza kazi ya miezi. Kiyoyozi nacho, ambacho ofisi ilikipendekeza ili kukabiliana na joto la vile vioo, hukausha hewa na kuzidisha tatizo. Kwa hiyo tulikuwa tunachorewa chumba cha kuonyeshea bidhaa ambacho kingeiharibu bidhaa yenyewe, kisha tulipie umeme wa kukipoza.

Hapa naipa ofisi sifa yake ya kwanza, nayo si ndogo. Hawakuutetea mchoro. Kiongozi wao alinyamaza kidogo, akaukunja, akasema wataanza upya, na hakudai malipo ya ziada kwa hatua hiyo. Mkataba ulikuwa umeweka safari mbili tu za kuja kiwanjani kutoka Dar es Salaam, na zote mbili zilikuwa zimetumika kupima na kupiga picha. Tulikubaliana kulipia nauli na malazi ya safari ya tatu kwa sharti moja, kwamba atakayekuja asije na kamera peke yake, bali ashinde bustanini kutwa nzima. Wakamtuma mbunifu wao kijana, dada mmoja mtaratibu, akaketi pale kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku akiwa na daftari na chupa ya maji.

Nimeiona nakala ya daftari hilo, na kwangu mimi ndiyo kurasa nne bora katika huduma yote tuliyoilipia. Aliandika kwamba wanafunzi hukatiza kiwanja chetu kwa mshazari wakitoka barabarani kuelekea upande wa pili wa bustani, na njia yao ya miguu imechimbika kwa miaka. Aliandika kwamba bodaboda hukaa chini ya mkungu ulio kwenye kona mpaka saa nne, kisha jua huwafukuza. Aliandika kwamba bibi anayeuza mihogo ya kuchoma alihamisha jiko lake mara nne siku ile akifuata kivuli cha mwembe, na kila alipohama wateja walihama naye. Alimsogelea, akamwamkia, akamuuliza kwa nini asikae mahali pamoja. Bibi akamjibu: "Marahaba, mwanangu. Kivuli hakina hati, ukikiona unakifuata." Aliandika pia upepo unaingilia wapi na saa ngapi unakufa.

Mchoro wa pili ulitokana na daftari hilo. Jengo moja likagawanywa kuwa mawili, kila moja limelala kutoka mashariki hadi magharibi, na kati yake ukaachwa ushoroba wa mita sita unaoanzia barabarani hadi bustanini, ukiwa umepinda kidogo kufuata ile njia ya wanafunzi. Mchoro wa kwanza uliifunga njia hiyo bila hata kujua kwamba ipo. Wa pili ukaifanya uti wa mgongo wa kazi yote: darasa, chumba cha maonyesho, vyoo na hatimaye ukumbi, vyote vinafungukia ushorobani, na mtu anayekwenda zake sokoni anapita katikati ya sanaa bila kununua tiketi wala kuulizwa anamtafuta nani. Waliozoea nyumba za pwani watatambua kwamba hakuna jipya hapa, maana nyumba zetu nyingi zina ushoroba unaotoka mlango wa mbele hadi uani. Jipya ni kwamba uani wenyewe, safari hii, ni bustani ya watu wote.

Mwelekeo wa majengo waliueleza vizuri, na nitaurudia kwa sababu wengi wanaojenga huku kwetu hawaambiwi. Mtwara iko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri halikai upande mmoja mwaka mzima: mwishoni mwa Juni linapita kaskazini ya utosi kwa kama nyuzi 34, na mwishoni mwa Desemba linahamia kusini kwa nyuzi 13 tu. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini unaweza kukingwa kwa upenu wa paa peke yake, ilhali ukuta unaotazama magharibi haukingiki kwa upenu wowote, kwa kuwa jua la jioni huja likiwa chini na kupenya hadi ukuta wa ndani. Ukilaza jengo mashariki na magharibi, kuta ndefu ndizo zinazokingika na kuta fupi ndizo zinazoumia. Kwa ukuta wenye kimo cha mita 2.4, kivuli cha adhuhuri ya Juni kinataka upenu wa kaskazini utoke nje kama mita 1.6, na upande wa kusini sentimita 60 zinatosha. Nyumba nyingi za mjini zina upenu wa sentimita 60 pande zote nne, kwa sababu ramani moja hutumika kila mahali.

Lakini upenu wa mita 1.6 ni mdomo wazi kwa upepo, na mhandisi wao hakuukubali hivi hivi. Alitukumbusha kwamba kimbunga kiliipiga Lindi mwezi Aprili 1952, na wengi wetu hatukuhitaji kukumbushwa Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipotuweka roho juu kabla hakijatua ng'ambo ya pili, Cabo Delgado nchini Msumbiji. Aliagiza kenchi zifungwe kwa nondo hadi kwenye lenta, na ncha ya upenu ishikwe na nguzo kila baada ya mita tatu. Nguzo zikishasimama, nafasi iliyo kati yake na ukuta inakuwa kibaraza. Sakafu ya kibaraza hicho ikainuliwa sentimita 45 kutoka kwenye udongo wa bustani, yaani kimo cha kukaa mtu mzima miguu ikagusa chini, na ukingo wake wote, mita 24 upande wa kaskazini na mita 10 upande wa mashariki, ukawa baraza la kukalia. Sehemu ambayo kila mgeni huisifu kwamba ndiyo inayoliunganisha jengo na bustani ilizaliwa kutokana na pembe ya jua na hofu ya kimbunga. Nenda Mikindani, kilomita kama kumi kutoka hapa, ukatazame nyumba za mawe na chokaa zilizobaki karibu na Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, utaona mabaraza ya kimo kile kile yakifanya kazi ile ile mbele ya milango. Niliwahi kumwambia yule dada kwamba wangeanzia huko wangeokoa wiki sita, akacheka na hakubisha.

Katika kikao cha pili kiongozi wa ofisi alituonyesha picha za jumba la makumbusho la sanaa la MASP lililopo São Paulo, Brazil, kazi ya Lina Bo Bardi iliyofunguliwa mwaka 1968, ambalo limeinuliwa juu ya miguu minne na kuacha chini yake uwanja mtupu wenye upana wa mita 74 bila nguzo ya kati, mkabala na bustani ya Trianon. Ni jengo la kustaajabisha, na somo lake kuhusu kuachia ardhi kwa ajili ya watu lilitufaa. Hata hivyo niliona kwamba mfano wa karibu zaidi aliuruka. Ngome Kongwe ya Unguja, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, ina kuta nene na matundu machache mno, wala hakuna kioo kinachomwonyesha mtu wa nje kilichomo. Ndani yake mna jukwaa la wazi, na kwa miaka mingi tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limekuwa likifanyika humo. Nje, ukivuka barabara, unaingia bustani ya Forodhani, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Muziki ukiisha watu wanatoka langoni wakielekea moja kwa moja kwenye mishikaki, urojo na juisi ya miwa, wanakaa ukutani kutazama bahari, na wengine wanarudi ndani. Kinachounganisha ngome ile na bustani ile ni miguu ya watu, njaa yao, na saa ambazo shughuli moja inaipokea nyingine. Tuliposema hayo kikaoni, hoja ya vioo haikurudi tena.

Sasa nije kwenye ngoma, ambako ofisi ilihitaji kufundishwa zaidi. Katika mchoro wa pili ukumbi ulikuwa na sakafu ya vigae, jukwaa la mbao, na chumba cha kuvalia nyuma ya jukwaa chenye mlango unaofungukia mbele ya watazamaji. Kwa kwaya au mkutano wa siasa hapana ubaya. Kwa mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, ni kosa kubwa, kwa sababu lipiko, yaani mchezaji aliyevaa kinyago kichwani, hapaswi kuonekana akivaa wala kujulikana ni nani. Anatakiwa atokee, na desturi inamtaka atokee upande wa vichaka, akija kama kitu ambacho si mtu. Tulieleza hayo kwa kadiri inavyoruhusiwa kuelezwa. Yule dada aliuliza maswali matatu tu, yote ya heshima, kisha akachora chumba kidogo kisicho na dirisha mwisho wa jengo la kaskazini, chenye mlango mmoja mwembamba unaotokea kwenye kichochoro kati ya ukuta na safu ya vichaka, na kichochoro hicho kinazunguka mwembe kabla ya kufika kwenye uwanja wa ngoma. Chumba hicho kimeshatumika. Jioni ya kwanza lipiko alipotokea nyuma ya mwembe, watoto waliokuwa wamekaa kwenye baraza waliruka wote kwa pamoja, na nikajua kwamba kama ni fedha ya usanifu, ile imerudi.

Suala la moto lilikuwa gumu zaidi. Ngozi ya ngoma hulegea kwa unyevu, na hapa pwani unyevu ni wa kila siku, kwa hiyo kabla ya kuchezwa na katikati ya mchezo ngoma huinamishwa kwenye moto wa nyasi au makuti ili zikaze na sauti ipande. Katika michoro yote hapakuwa na mahali pa kuwashia moto. Tulipouliza, tulijibiwa kwamba kanuni za zimamoto haziruhusu moto wa wazi ndani ya ukumbi, jibu ambalo ni sahihi na ambalo halikututatulia kitu. Mwisho wake limechorwa duara la mawe lenye upana wa mita mbili, nje ya upenu, upande ambao upepo wa kusi hauurudishi moshi ndani, likiwa hatua kumi na mbili kutoka mahali wapigaji wanaposimama. Uwanja wenyewe umeachwa udongo na mchanga ulioshindiliwa, kwa kuwa anayecheza sindimba kwenye vigae atavunjika goti.

Kuhusu fremu sina mengi ya kuwasifu. Wazo lao lilikuwa kila fremu iwe na milango miwili, mmoja barabarani na mmoja ushorobani, ili maduka yasiipe bustani mgongo. Kwenye karatasi ni wazo safi. Wapangaji walilikataa ndani ya mwezi mmoja: milango miwili ni makufuli mawili, ni wezi wa pande mbili, na ni ukuta mmoja pungufu wa kuweka rafu. Fundi cherehani na muuza vifaa vya simu walijaza mabati kwenye mlango wa pili bila kumuuliza mtu. Baadaye tuliibadilisha wenyewe, tukaweka dirisha la kuuzia lenye kibao cha kukunjua, na sasa mwenye mgahawa anapitisha chai na vitumbua dirishani kwa walioko kwenye ushoroba, na biashara yake ya upande huo inashindana na ile ya barabarani. Mbunifu angezungumza na wenye maduka wawili tu kabla ya kuchora, gharama hiyo isingekuwepo. Alizungumza na bibi wa mihogo kwa sababu alikuwa bustanini, na hakuzungumza na mwenye fremu yeyote kwa sababu hakuna aliyemlazimisha.

Vyoo viliwekwa ushorobani vikiwa na mlango wa nje, ili mtu wa bustani avitumie bila kupita chumba cha maonyesho, na uamuzi huo ni mzuri ingawa bado tunabishana nani anunue sabuni. Ukuta wa mita mbili ulifutwa. Usalama unatokana na milango ya jengo lenyewe, taa nne na mlinzi, na mpaka wetu na bustani hauonekani isipokuwa kwa yule anayezijua bikoni. Kwa kuwa bustani si mali yetu, kila kitu kilichogusa upande wa pili, kuanzia vichaka hadi mfereji, kilihitaji kibali cha maandishi kutoka kwa wenye mamlaka nayo, na hapo ofisi ilifanya kazi ya kitaalamu kabisa: barua zilikuwa fupi, michoro ilikuwa na vipimo, na hakuna hata moja iliyorudishwa kwa kukosa kiambatisho. Maji ya mvua nayo waliyapangia vizuri. Paa la jengo la kaskazini ni kama mita za mraba 300, na mvua ya milimita 40, ambayo kwa Januari si ajabu, inashusha lita 12,000. Theluthi mbili huingia kwenye matangi, zinazofurika hufuata mfereji mpana usio na kina uliopandwa majani hadi kwenye bonde dogo la bustani, ambako zamani palikuwa vumbi tupu na sasa pana kijani hadi mwezi wa saba.

Makadirio ya gharama yalikuwa na kasoro ambayo mtu wa Mtwara anaiona mara moja. Mkadiriaji wao alitumia bei za Dar es Salaam. Saruji aliiweka ghali kuliko tunavyoipata, wakati kiwanda cha Dangote kiko hapa hapa kwetu, na kokoto aliiweka rahisi, wakati yetu ililetwa kwa malori kutoka mbali na nauli ikazidi bei ya kokoto yenyewe. Jumla ya mwisho haikupotoka sana kwa bahati tu, maana makosa mawili yalisukumana. Anayetafuta huduma kama hii aulize bei zimetoka soko gani, na kabla hata ya hapo athibitishe kwamba anayemlipa amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, kwa kuwa sheria ya mwaka 2010 haimruhusu kila mwenye kompyuta kujiita mbunifu majengo. Wetu walikuwa wamesajiliwa, na cheti walikitoa bila kuombwa mara mbili.

Lalamiko langu kubwa nimeliacha mwisho. Kati ya kivuli cha wachongaji na bustani palichorwa mlango wa chuma wa kuteleza, upana wa mita tano, ili mchana ukuta wote uondoke na wachongaji wafanye kazi kama wapo chini ya mti. Ukifunguliwa ni raha: vumbi la mpingo, ambalo huwasha ngozi na kifua, linaondoka na upepo, tezo zinasikika hadi barabarani, na watu wanasogea wenyewe kutazama. Lakini reli yake ilichimbiwa sakafuni, mita mia chache kutoka baharini, mahali ambapo mchanga na hewa ya chumvi vinaingia kila tundu. Msimu wa kwanza wa mvua haujaisha, magurudumu yalishika kutu, na mlango ukaanza kusukumwa na watu watatu. Msimu wa pili ukagoma ukiwa nusu wazi, na kwa wiki moja mlinzi alilala kwenye pengo. Fundi wetu wa mbao alikuwa ameonya tangu mwanzo kwamba pwani mlango huning'inizwa, hauburuzwi, akaambiwa kwamba mchoro umeshapitishwa. Tumeung'oa. Badala yake kuna milango sita ya mninga ya kukunja, imening'inia kwenye bawaba za shaba, na fundi alitumia siku nne kuichonga nakshi ya mkorosho ambayo haikuwepo kwenye mchoro wowote.

Pamoja na hayo tumewapa kazi ya ukumbi, kwa masharti matatu yaliyoandikwa: siku mbili za kukaa kiwanjani kabla ya kuchora, bei za Mtwara kwenye makadirio, na fundi wa mbao kuhudhuria vikao vya milango. Mchoro mpya wa mlango mkubwa wa ukumbi umefika wiki iliyopita. Reli imehamishiwa juu, nusu ya mlango ni ya kukunja, hawakututoza, na watu waliochorwa wakipita mbele yake wamevaa kanga.